Sisi Tunafunga Mipini

Wiki hii zamu ya kuandika imetufikia sisi wa huku mpakani, Busia na Tororo. Tuko saba. Wengi wetu tunatoka Rutshuru na Masisi, mmoja Burundi, na wawili walizaliwa Nakivale, Kongo wanaijua kwa masimulizi ya wazazi tu. Mara nyingi mnatuuliza, "Nyinyi huko mnakula nini?" Jibu fupi: tunakula mipini ya visu. Jibu refu ndilo hili.

Visu vyetu vinazaliwa Tororo. Pale mjini, ule mwamba mkubwa ukiwa mgongoni mwako, kuna mzee Msamia mwenye kibanda cha kufua chuma. Yeye ndiye anayefua mabapa. Chuma chake ni springi za lori zilizovunjika. Malaba iko jirani, na mahali ambapo malori yanapanga foleni kwenda Kampala, Kigali, Juba na kwetu Kongo, springi zilizokatika hazikosekani. Anazipasha mpaka ziwe nyekundu, anazigonga mpaka ziwe nyembamba, anazikata umbo. Wawili wetu wanaishi naye huko, wanavuta mivukuto na kushika koleo. Jumamosi mabapa yanapanda taksi mpaka Busia, ambako sisi watano tuna meza moja, jiriwa moja na drili ya mkono, karibu na soko. Busia ndiko yanapata mipini, na Busia ndiko visu vinauzwa.

Mzee hakutupokea kwa huruma. Alitupokea kwa sababu vijana wa kwake hawataki kazi ya moshi, wanataka pikipiki. Lakini jioni moja alitupa habari ambayo hatukuwahi kufundishwa shuleni. Zamani, kabla mpaka huu haujawekwa, Wasamia ndio walikuwa mafundi wa chuma wanaojulikana eneo hili. Walichimba mawe yenye chuma kwenye vilima vyao, wakayayeyusha kwa mkaa na mivukuto, na majembe yao yalifika kwa Waluo, yakafika Busoga, yakalipiwa mahari. Baadaye yakaja majembe ya kiwandani na tanuru zikazimika. Nao Waingereza, mwaka 1902, walikata sehemu ya mashariki ya Uganda wakaiweka upande ambao leo ni Kenya, na Wasamia wakabaki pande mbili. Mzee alicheka akasema, "Jembe la babu yangu lilitembea kote huko bila kitambulisho."

Na kuna jambo jingine linalofanya watu wa huku wasitushangae sana. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya kugeuka vurugu, Wakenya walikimbilia upande huu kupitia Busia na Malaba. Wengi waliwekwa Mulanda, hapa hapa wilaya ya Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Kwa hiyo mtu mzima wa Tororo akisema neno mkimbizi, anajua anachosema. Ameshawaona majirani zake wakiwa na magodoro kichwani.

Sasa tuje kwenye mpini. Mtu akinunua kisu anaangalia makali. Anapitisha kidole gumba, anakata karatasi, anasema, "Ee, hiki kinakata." Hakuna anayeuvuta mpini aone kama unacheza. Lakini makali yakiisha unanoa dakika tano, mambo yanaendelea. Mpini ukilegea, kisu kinakugeukia mkononi, na wa kwanza kukatwa ni wewe.

Aliyetufundisha hilo ni mama mmoja muuza samaki. Alikuja kwetu na kisu cha dukani, cha mpini wa plastiki. Ndani ya ile plastiki mkia wa chuma ulikuwa mwembamba kama penseli, umechomekwa tu, hakuna kilichoushikilia. Alikuwa anapasua sangara, mikono ina maji na mafuta, kisu kikazunguka, kikamfungua kiganja. Wiki mbili hakuuza. Binti yake aliacha shule hizo wiki mbili akae mezani sokoni. Mama alituonyesha kovu halafu akasema, "Vijana wangu, mimi sitaki kisu kizuri. Nataka kisu kisichoniacha." Hatujasikia bado maelezo ya kazi yetu yaliyo bora kuliko hayo.

Kwa hiyo tunafanya hivi, na tunaandika kwa urefu kwa sababu kuna wenzetu wa Kyaka walituomba.

Kwanza, mkia. Bapa letu haliishii pale makali yanapoishia. Chuma kinaendelea nyuma mpaka mwisho wa mpini, kwa upana ule ule wa mpini, na vipande viwili vya mbao vinakilalia kushoto na kulia kama viganja viwili vya mtu anayesali. Ukiangalia mpini wetu kwa juu unaona mbao, chuma, mbao. Kisu ambacho hauoni chuma hapo, uliza maswali.

Pili, matundu. Yanatobolewa mapema, kabla mzee hajazamisha bapa jekundu kwenye oili ili liwe gumu. Chuma kikishakuwa kigumu, biti ya drili inateleza juu yake, inapiga kelele, inaungua, na biti siyo bure. Kama mtu ametuletea kisu ambacho tayari ni kigumu, tunafunga makali kwa kitambaa chenye maji, tunaupasha mkia peke yake mpaka uwe mwekundu, halafu tunauzika kwenye majivu upoe polepole. Ukipoa hivyo unakubali kutobolewa. Kisu kidogo cha jikoni kinatosheka na matundu mawili. Cha bucha tunakipa matatu. Tundu la mbele lisikae ukingoni kabisa mwa mbao. Pale mpini unapoanzia ndipo nguvu zote za mkono zinapita, na mbao iliyotobolewa ukingoni inapasuka mapema.

Tatu, mbao. Iwe kavu kabisa, hapana mchezo. Mbao mbichi inasinyaa kadiri inavyokauka, na mwezi mmoja baadaye kila kitu ulichokaza kinacheza. Hatukati miti. Tunaokota vipande vya mvule ambavyo maseremala wanavitupa, na tukipata tawi la mpera lililokauka tunafurahi. Mpera ni mti mdogo lakini mgumu, haupasuki ovyo, na ndiyo maana watu wengi vijijini wanautengenezea mipini ya majembe na nyundo. Kipande kimoja tunakibana kwenye mkia kwa jiriwa, tunatoboa kupitia matundu ya chuma, tunatia msumari kwenye tundu la kwanza ili kisihame, tunatoboa yaliyobaki. Ndipo tunakwenda kipande cha pili. Chuma ndicho kinaiongoza mbao. Ukitoboa mbao pembeni kwa kukadiria, matundu hayatakutana.

Nne, riveti zenyewe. Kwa ambaye hajui, riveti ni kipande cha chuma laini, cha mviringo, kinachopita tundu lote kutoka mbao ya kwanza mpaka ya pili. Unakigonga ncha zote mbili mpaka zivimbe, na kikishavimba hakirudi tena. Hakuna nati, hakuna skrubu, hakuna cha kufunguka. Msumari wa kawaida uliokatwa kichwa na ncha unafaa, kwa sababu chuma chake ni laini. Kwa panga la shamba unatosha kabisa. Lakini kwa kisu cha samaki msumari unaota kutu, kwa hiyo hapo tunatumia shaba ya njano.

Shaba tunaipata wapi? Kwa mafundi baiskeli. Busia ni mji wa baiskeli, na lile neno boda boda mnalolitumia kila siku lilizaliwa hapa, kwa vijana waliokuwa wanabeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka huu mpaka kile. Mafundi wanaounga fremu za baiskeli wanatumia fimbo nyembamba za shaba ya njano, na fimbo moja inatoa riveti nyingi sana. Tunainunua mpya, tunaomba risiti, tunaitunza risiti.

Tusikilizeni vizuri hapo kwenye risiti. Kuna watu watakuletea waya nene wa shaba nyekundu kwa bei ya maji. Usiguse. Waya huo mara nyingi umetoka kwenye nguzo ya umeme. Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu kuharibu mitambo ya umeme, na zuio lile lilikaa mpaka Mei. Uganda nayo ina sheria kali juu ya jambo hilo. Mwenyeji akikamatwa na shaba isiyo na maelezo, ana mjomba, ana wakili, ana mtu wa kumpigia simu. Sisi tuna nini? Tuna risiti.

Tano, kugonga. Hapa ndipo watu wanaharibu. Mdomo wa tundu kwenye mbao, kwa nje, tunautanua kidogo ili kichwa cha riveti kipate pa kulala. Riveti tunaikata ibaki imechungulia kidogo tu kila upande, kama unene wake yenyewe. Ukiiacha ndefu inapinda badala ya kuvimba. Ukiikata fupi haina cha kuvimba. Shaba tunaipasha moto kwanza, ikipoa inakuwa laini. Kisha kisu kinalazwa juu ya kipande cha ekseli tulichokizika kwenye gogo, hiyo ndiyo fuawe yetu, na tunagonga kwa nyundo ndogo, upande wake wa mviringo. Kidogo kidogo, ukizunguka ukingo wa riveti. Mara tano sita upande huu, geuza, mara tano sita upande ule. Utaona ncha inafunguka kama uyoga. Ukipiga kwa hasira mbao inapasuka, na mbao iliyopasuka haina dawa, unaanza upya.

Kabla ya kugonga tunapaka gundi ya epoksi kati ya chuma na mbao. Siyo kwamba gundi ndiyo inashika, riveti ndizo zinashika. Gundi inaziba. Maji ya samaki yakipenya pale katikati, chuma kinaota kutu, kutu inavimba na kuisukuma mbao, halafu kisu kinaanza kunuka hata ukikiosha mara kumi. Gundi ikikauka, tunapitisha tupa mpaka vichwa vya riveti vinalingana na mbao, tunapiga msasa, tunamalizia na nta ya nyuki. Pitisha kidole. Usipoihisi riveti, kazi imeisha.

Tuseme pia habari ya mwenzetu mmoja. Jina hatuliandiki, na yeye mwenyewe amesoma aya hii kabla haijatumwa. Alikimbia akiwa mtoto, na anazo alama za panga mwilini. Alipojiunga nasi alisema wazi, "Mimi makali siyagusi." Hatukumbishia. Mabapa yakifika kutoka Tororo, mtu mwingine anayafunga makali kwa kitambaa na kamba ya mpira, ndipo yanawekwa mezani kwake. Yeye anachagua mbao, anatoboa, anagonga, anasugua. Anageuza mpini mkononi mara nyingi kuliko sisi wote, anafumba macho, anauliza, "Mama mwenye mkono mdogo atashikaje hapa?" Mipini yake ndiyo wateja wanaiulizia. Kuna siku tulimuuliza kwa nini alichagua kazi ya visu wakati kuna kazi ya kufuma, kuna saluni, kuna kuuza airtaimu. Akajibu, "Huku ndiko naona kisu kinafanya chakula." Tukaendelea na kazi.

Kwa sababu yake, na kwa sababu ya wote tulioyaona, tumejiwekea sheria. Tunatengeneza kisu cha jikoni, cha samaki, cha bucha, na panga la shamba. Kisu chenye makali pande mbili, hapana. Ala ya kufunga kiunoni, hapana. Miezi michache iliyopita kijana mmoja alikuja na noti mkononi, anataka "kitu kidogo cha usiku," na bei aliyotaja ilikuwa mara nne ya kisu chetu cha samaki. Tulikuwa tunadaiwa kodi ya kibanda. Tulimwambia, "Kaka, hiyo hatufanyi." Alitutukana, akatuambia turudi kwetu. Kodi tuliilipa kwa kuchelewa. Tunaandika hili siyo kujisifu, ila wengine wenu mnafanya kazi ya chuma na swali hilo litawafikia. Mjadili jibu kabla mteja hajasimama mbele yenu na hela.

Maana watu wanatuangalia. Vijana wa kigeni, mfuko una vyuma vyenye ncha, taksi imejaa. Mara ya kwanza kusimamishwa barabarani, mabapa yalimwagwa chini mbele ya abiria wote, na tukaulizwa tunakwenda kumuua nani. Saa tatu tulikaa pembeni mwa barabara. Tangu hapo tunasafiri na barua ya mwenyekiti wa LC1 yenye muhuri, inayosema sisi ni nani, tunafanya kazi wapi na mfuko una nini. Kitambulisho cha mkimbizi juu, barua chini, risiti nyuma yake. Uganda kwa sheria ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na ni vizuri kuijua sheria hiyo. Ila kwenye barabara, bwana, muhuri wa mwenyekiti unafanya haraka kuliko sheria.

Kuvuka mpaka ni habari nyingine. Tangu 2014 Mganda na Mkenya wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tu, na tangu Februari 2018 kuna kituo kimoja cha pamoja kilichofunguliwa na marais wote wawili, watu wanapita haraka. Kitambulisho chetu cha mkimbizi siyo hati ya kusafiria. Kutoka mezani kwetu tunaiona Kenya, tunasikia makondakta wa upande ule wakiita abiria wa Kisumu, lakini hatuendi. Visu ndivyo vinakwenda. Ba mama wa Kenya wanavuka asubuhi kununua nyanya na ndizi, wanarudi na kisu chetu ndani ya kikapu. Sasa hivi kuna kisu chenye mpini wa mpera kinapasua ngege mahali fulani kule, na sisi tuko hapa.

Waswahili wana msemo kuhusu watu wawili walioshika kisu kimoja: mmoja kashika mpini, mwingine kashika makali, na akivuta aliyeshika mpini, wa makali ndiye anaumia. Wengi wetu tumeishi upande wa makali. Mwenye fomu alikuwa ameshika mpini, mwenye muhuri alikuwa ameshika mpini, mwenye nyumba vilevile. Hatusemi kwamba mezani kwetu mambo hayo yameisha. Kodi bado inasumbua, na mvua ikinyesha kibanda kinavuja palepale kwenye drili. Lakini kuna saa kila siku ambapo kisu kiko mikononi mwetu kwa upande unaofaa, na sisi ndio tunaamua nani atakipokea na atakishikaje.

Hesabu, kwa wanaouliza. Kufunga upya mpini wa kisu chako mwenyewe ni bei ndogo kuliko kununua kipya, na hiyo ndiyo kazi inayotulisha siku nyingi. Visu vipya vinauzwa zaidi siku za soko. Faida tunagawa sehemu nane: saba zetu, ya nane inakaa kwenye kopo. Kopo likijaa tutanunua drili ya umeme, na ya mkono tutawapa wa Tororo ili matundu yatobolewe huko huko kabla ya moto.

Wenzetu wa Kyaka mliotuandikia: yeyote kati yenu akipita huku, meza ipo. Siku mbili zinatosha kujifunza kugonga riveti, wiki moja kujifunza kutoigonga kwa hasira. Chakula tutagawana. Njoo na kipande chako cha mbao, na tafadhali kiwe kimekauka.